Mke wa Kwenda na Kurudi

Watu wa pwani tumelelewa katika desturi ya kuyasitiri mambo ya unyumba, na mwanamke aliyefundwa vyema hatarajiwi kumweleza mtu baki amekutana na mumewe lini, wamekaa pamoja siku ngapi, nani aliyelipa nauli, wala kwa sababu gani wawili waliooana kwa halali hulala kila mmoja katika bara lake. Lakini mke ambaye mumewe anafanya kazi Uingereza, naye akawa anamzuru mara kwa mara na kurejea kwao, hulazimika kuyajibu maswali hayo yote akiwa amesimama, alfajiri, baada ya usiku mzima wa safari, mbele ya afisa asiyemjua, na nyuma yake foleni ya watu wenye haraka. Mimi ni mmoja wa wake hao. Nimelipita lango la Heathrow mara nyingi kiasi cha kuyajua maswali kwa mfuatano wake, nami naandika haya kwa ajili ya wenzangu, wake kwa waume, kwa kuwa nimeona wengi wakijitaabisha kuhifadhi majibu, na wachache wakijishughulisha kuyapanga yale mambo ya maisha ambamo majibu hutoka.

Mume wangu ni muuguzi. Alikwenda Birmingham pamoja na wauguzi wengine waliosafiri baada ya serikali ya Kenya na ya Uingereza kutiliana sahihi, mwezi wa Julai 2021, mapatano ya kuwafungulia wauguzi wetu njia ya kazi katika hospitali za huko. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Mombasa. Sheria ya Uingereza humruhusu muuguzi aliyeajiriwa kwa njia hiyo kumchukua mwenzi wake, na jamaa zetu walidhani kwamba nitafunga virago na kumfuata; lakini tulikaa, yeye na mimi na wazee wa pande zote mbili, tukashauriana usiku kucha, tukaafikiana kwamba nibaki. Mama yangu alipatwa na kiharusi, na upande mmoja wa mwili wake hauna nguvu, naye hana binti mwingine aliye karibu. Mimi ni mwajiriwa wa Tume ya Huduma ya Walimu, na miaka niliyoitumikia haikuwa michache. Na tena, nalisema bila ya kuona haya, naipenda kazi yangu na naupenda mji wangu. Hapana aliyeachwa katika ndoa hii, wala aliyekimbiwa. Ni shauri la watu wazima wawili, na gharama yake tunailipa sote, yeye kwa upweke wa chumba chake na mimi kwa upweke wa nyumba yangu.

Atakaye kujitayarisha kwa maulizo ya mlangoni yampasa kwanza aelewe ni jambo gani aulizaye analitafuta. Mamlaka ya afisa yule yametoka katika Sheria ya Uhamiaji ya 1971, ambayo humpa idhini ya kumsaili kila aingiaye na humwajibisha msafiri kutoa habari na hati anazotakiwa. Kwa hiyo viza aliyo nayo msafiri haimalizi maneno, maana afisa akiyakinisha kwamba ilipatikana kwa uongo, au kwamba hali ya mwenyewe imegeuka tangu alipopewa, aweza kuifuta papo hapo. Kanuni zinazomhusu mgeni mzuru zimekusanywa katika Kiambatisho V cha Kanuni za Uhamiaji, nazo zataka mambo yasiyokuwa mengi: kwamba mgeni ataondoka muda wake ukiisha, kwamba haja aliyoitaja ndiyo haja yake ya kweli, kwamba hatafanya kazi wala jambo jingine lililokatazwa, kwamba ana fedha za kumtosha au mwenyeji wa kumkimu, na kwamba hatazifanya ziara za kufuatana kuwa hila ya kuishi nchini humo. Hilo la mwisho ndilo linalotugusa sisi. Mtalii huenda mara moja, akapiga picha zake, akarudi na kusahauliwa. Mke wa kwenda na kurudi, kwa kule kurudi kwake, hujenga rekodi inayomtia afisa shaka, kwani kila ziara mpya humuuliza kama bado huyu ni mgeni au amekwisha kuwa mkaazi asiyejitangaza.

Huku kwetu imeenea itikadi kwamba mtu akikaa miezi 6 ndani ya miezi 12 ameikamilisha haki yake, na asipoifikisha yu salama. Ni kweli kwamba ziara moja haizidi miezi 6, hata kama viza ni ya miaka 2, 5 au 10; lakini ile hesabu ya miezi 6 katika 12 haimo katika kanuni, na mwongozo wanaoutumia maafisa wasema bayana kwamba hapana kiwango cha namna hiyo kilichowekwa. Linaloangaliwa ni sura ya safari zote kwa jumla: umekaa muda gani kila ulipokwenda, umekaa kwenu muda gani kabla ya kuondoka tena, na maisha yako yameegemea wapi. Nilipolielewa hili niliacha kuhesabu siku nilizoruhusiwa, nikaanza kuzipanga safari zangu zilingane na kalenda ya shule. Nikienda likizo ya Agosti, likizo ya mwisho wa mwaka namngojea yeye aje, na muhula ukifunguliwa mimi niko mbele ya ubao. Mpango huo ulitusaidia kuliko neno lolote nililopata kulisema mlangoni, kwa kuwa afisa aliweza kuusoma mwenyewe katika mihuri ya pasipoti kabla sijafumbua kinywa.

Swali zito kuliko yote kwangu mimi lilitoka kwa afisa mmoja mwanamke, mtu wa makamo, mwenye sauti ya upole. Alikwisha kuniuliza niendako, nitakaa kwa nani, nitakaa hadi lini, kisha akaiweka pasipoti yangu juu ya meza, akanitazama, akasema, "Mumeo ana haki ya kukuleta hapa ukaishi naye. Kwa nini hukuja?" Nilihisi uso ukiniwaka, maana katika masikio yangu ya kimwana-Mombasa swali lile lilikuwa na maana ya kwamba pengine mume hanitaki, au mimi simtaki, au kuna jambo tunalolificha. Hakukusudia hivyo. Alikuwa akilipima jambo ambalo katika hesabu ya kazi yake ndilo gumu kusadikika: kwamba yupo mtu aliyefunguliwa mlango wa nchi ile na akachagua kurudi kwao.

Nikamjibu kwamba mama yangu ni mgonjwa nami ndiye nimtunzaye, na kwamba mimi ni mwalimu na muhula wangu utafunguliwa siku chache baada ya tarehe ya tikiti yangu ya kurudi. Akauliza, "Na sasa anatunzwa na nani?" Nikasema, "Mamangu mdogo amekuja kutoka Lamu kukaa naye mpaka nirudi." Akauliza mamangu mdogo atarudi Lamu lini, nikamwambia siku ile ile nitakayofika, maana naye ameacha wajukuu nyuma. Hapo aliichukua pasipoti akaipiga muhuri. Baadaye niliyarudia mazungumzo yale moyoni, nikaona kwamba lililomkinaisha halikuwa jibu langu la kwanza, ambalo kila mtu angeweza kulitunga. Lililomkinaisha ni kwamba la pili na la tatu yalifuata bila ya kutafutwa, kwa kuwa mambo yenyewe yalikuwapo. Jibu la kuhifadhi humfikisha mtu katika swali la kwanza tu. Afisa huuliza la pili ambalo hakuna aliyekufunza, na huko ndiko anakokupima.

Kwa sababu hiyo nasikitika sana niyasikiapo mashauri wanayopewa wanawake wetu kabla ya safari. "Usimtaje mume," huambiwa, "sema unakwenda kutembea, sema unakwenda kwa dada yako, wakijua una mume huko hawatakuruhusu." Mashauri hayo hutolewa kwa mapenzi, na aghalabu hutolewa na watu waliokwisha kufika na kukaa, lakini ni sumu. Namjua mwanamke, sitamtaja kwa jina wala kwa mji, aliyeambiwa hivyo na akafuata. Katika maombi ya viza ya miaka ya nyuma alikuwa amekwisha kuandika jina la mumewe na anwani yake. Mara hii akaandika kwamba anamzuru dada, na jina la mume akaliacha. Karatasi za zamani hazikupotea. Ombi lilikataliwa kwa hoja ya udanganyifu, na hukumu ya udanganyifu katika ombi la viza huweza kumfungia mtu mlango kwa miaka 10. Kabla ya hapo hakuwa na kosa lolote. Kuzuru mume ni haja halali katika kanuni zile, na kama angelisema kweli, pengine angelipita. Aliogopa kuijibu kweli iliyo halali, akajikuta anajibu uongo ulio haramu, na ndoa yake ndiyo iliyoadhibiwa.

Kuhusu hati nitasema zaidi kidogo, kwa kuwa sisi wa pwani tuna mambo yetu ambayo afisa wa huko hayajui, nayo humtia shaka pasipo sababu. La kwanza ni majina. Mwanamke wa Kiislamu kwetu haliachi jina la baba yake kwa kuolewa. Pasipoti yangu ina jina langu, la baba na la babu, na ya mume wangu ina lake, la baba yake na la babu yake, wala hapana jina hata moja linalokutana. Mtu aliyezoea mke kuitwa kwa ukoo wa mumewe hushangaa, na mara yangu ya kwanza niliulizwa kwa makini, "Mna hakika mmeoana?" Tangu siku hiyo sisafiri bila ya cheti cha ndoa kilichotolewa kwa mujibu wa Sheria ya Ndoa ya 2014 na kuandikishwa ipasavyo, pamoja na nakala yake, na nakiweka katika mkoba wa mkononi, kwa maana sanduku lililo katika tumbo la ndege haliwezi kukutolea ushahidi mezani. Wenzetu ambao nikahi yao ilisomwa nyumbani mbele ya wazee, ikawa halali kwa Mungu na kwa jirani lakini haikuandikishwa, nawasihi waiandikishe mapema, kabla ya kulijaza ombi lolote, wasingoje mpaka karatasi inapotakiwa.

La pili ni fedha. Mwombaji hutakiwa kuonyesha hesabu ya benki, na watu wengi, kwa kudhani kwamba kikubwa ndicho kinachotazamwa, huazima fedha nyingi wakazitia benki siku chache kabla ya kuomba. Msomaji wa hesabu hizo huona mshahara unaoingia na kutoka kwa kiasi cha kawaida, kisha ghafla huona donge la fedha lisilo na asili, naye huuliza kwa haki limetoka wapi. Mimi sikuazima, lakini nilikuwa na donge kama hilo, kwa sababu zamu yangu ya chama ilifika. Chama chetu cha wanawake ni cha miaka mingi. Kila mwezi kila mmoja hutoa, na kila mwezi mmoja hupokea zote. Kwetu hilo halihitaji maelezo, bali kwa mgeni ni fumbo. Nilimwomba katibu wetu aniandikie barua yenye majina ya wanachama, kiasi cha mchango na tarehe ya zamu yangu, nikaiambatisha na taarifa ya malipo ya simu inayoonyesha michango niliyotoa mwezi baada ya mwezi, na donge likapata asili yake. Barua hiyo, pamoja na ile ya mwalimu mkuu yenye tarehe ya kufunga na ya kufungua shule na idhini yangu ya kutokuwapo, nazichukulia kama mashahidi wa nikahi: hawatakiwi kusema mengi, hutakiwa wawepo na waafikiane.

Kuhusu namna ya kusema, neno langu ni kwamba tujibu lililoulizwa, kisha tunyamaze. Adabu yetu hutufunza kutanguliza maamkizi, kuzunguka kabla ya kufika, na kumpa mtu zaidi ya alichotaka ili asione kwamba tunambania. Lakini kule mlangoni adabu hiyo njema husomwa kinyume, mwenye kuzunguka akadhaniwa anakwepa. Ukiulizwa utarudi lini, taja tarehe iliyo katika tikiti, kisha mwachie Mungu moyoni mwako. Ukiulizwa jambo usilolijua, kwa mfano mshahara wa mumeo baada ya kodi, sema hulijui, kwa maana kukisia ni kuweka mkononi mwa afisa tarakimu ambayo mumeo ataikanusha. Na asiyekimudu Kiingereza asione aibu kuomba mkalimani. Anayo haki ya kuomba, na ni afadhali kungoja saa moja upate mtu wa kukusikia sawasawa kuliko kuitikia "ndiyo" kwa swali ambalo hukulielewa.

Mumeo naye hutahiniwa, ingawa yuko mbali na meza. Afisa mwenye shaka humpigia simu mwenyeji na kumuuliza yale yale aliyokuuliza wewe. Safari moja niliwekwa katika viti vya kando, pasipoti yangu ikachukuliwa, nikaambiwa ningoje wakati wanampigia mume. Naye alikuwa amemaliza zamu ya usiku wodini, amelala, simu imezimwa. Nilikaa pale asubuhi nzima kati ya watu wasiosemezana, nikimwona kila mara afisa akipita na faili mkononi, hata mume wangu alipoamka akaiwasha simu, akajibu, nami nikaachiliwa. Hakuna aliyetukosea, lakini tangu hapo, siku nisafiriyo, yeye huomba asipangiwe zamu ya usiku, na jioni ya kuamkia safari tunasomeana kwa simu tarehe ya kwenda, tarehe ya kurudi, anwani kamili ya nyumba, na yale niliyoyaandika katika ombi. Watu wawili waaminifu wanaweza kutofautiana kwa kusahau tu, mmoja akasema wiki tatu na mwingine mwezi, na tofauti hiyo ndogo huwa kubwa ikiandikwa na mtu wa tatu.

Mzigo pia huzungumza. Mama mkwe wangu hapendi niende mikono mitupu, na alitaka nimpelekee mwanawe samli na nyama ya kukausha. Nilimweleza kwa taratibu kwamba nyama na vitu vya maziwa kutoka nchi zetu haviruhusiwi kuingia kule, akahuzunika, kisha akanifungia mabuyu na bizari. Na nimwonapo mgeni wa wiki mbili aliyebeba vyeti vyote vya shule na barua za sifa za waajiri wake wa zamani, namwonea huruma, kwa kuwa afisa akilifungua begi lile hatauliza tena juu ya mume, bali juu ya kazi inayotafutwa.

Yote niliyoyasema hadi hapa yametoka kwa mtu mwenye hiari. Wako wenzetu ambao hawana. Wahudumu wa kulea wazee na wagonjwa majumbani na katika makao ya utunzaji, walioajiriwa kutoka nje tangu tarehe 11 Machi 2024, hawaruhusiwi kuwaombea waume, wake na watoto wao wafuatane nao. Na wahudumu hao, ambao miongoni mwao wamo wanawake wengi wa Afrika, ndio wanaowanawisha na kuwalisha wazazi wa watu wa huko. Mume wa mhudumu wa namna hiyo akifika mezani na kuulizwa swali nililoulizwa mimi, kwamba kwa nini hakuja kuishi na mkewe, kweli yake ni kwamba alikatazwa. Na kweli hiyo, ijapokuwa kweli, humwongezea shaka badala ya kumpunguzia, maana aliyekatazwa hudhaniwa anatafuta mlango wa nyuma. Mtu huyo yampasa kuja na mizizi yake ya nyumbani iliyo bayana kuliko yangu: kazi, shamba, watoto walio shuleni, wazee wanaomtegemea, na safari fupi zenye nafasi ndefu baina yake. Siwezi kuuita mpango huo wa insafu. Nchi inayohitaji mikono ya mke ingaliweza kumwamini mumewe kwa wiki chache bila ya kumtweza.

Tena zamani palikuwa na mahali pa kulalamika. Mwenye kumzuru jamaa yake Uingereza akinyimwa viza alikuwa na haki kamili ya kukata rufani, akasikilizwa na hakimu. Haki hiyo ilifutwa mwezi wa Juni 2013, na tangu hapo aliyenyimwa kwa kawaida huambiwa aombe upya, alipe upya, na aeleze kwa nini alinyimwa kwanza. Ningependa sana kuiona haki ile ikirejeshwa, angalau kwa mume na mke, kwa kuwa maamuzi juu ya ndoa ya watu hayafai kukatwa kwa faragha pasipo wa kuyapitia. Nayo kunyimwa huku humfuata mtu: fomu ya ombi jipya humuuliza kama amepata kunyimwa na nchi yoyote, na fomu za mataifa mengine huuliza vivyo hivyo. Kwa hiyo nina jalada la kila ombi nililolituma, ukurasa kwa ukurasa, na kila barua niliyojibiwa, na tarehe za kila safari tangu ya kwanza, na kabla ya kujaza fomu mpya nalifungua jalada hilo nikaisoma ya zamani hadi mwisho, kwa maana afisa atakuwa ameisoma kabla yangu.